Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mafunzo ya Walimu katika Ngoma za Asili na Ngoma za Mataifa

Ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa kamati tendaji, ndugu zangu walimu wanachama wa chama chetu cha walimu wa ngoma hapa Lushoto: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawashukuru mliofika. Mkutano huu umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na hata leo tulialikana saa tatu tukaanza saa tano. Kwa namna ya pekee nawashukuru walimu wa Mtae na Mlalo, walioamka alfajiri wakapanda gari la kwanza na kufika kabla ya wenzao wanaoishi mjini hapa hapa. Hilo naomba Katibu aliandike kwenye kumbukumbu.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Vikao vya kamati tendaji vilifanyika isipokuwa robo ya pili ya mwaka, wakati wa masika. Vikundi vyetu vya shule vilishiriki UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, ngazi ya kata na wilaya, wengine wakafanya vizuri. Tulialikwa kutumbuiza kwenye sherehe na tukalipwa. Tulifiwa, tukazikana, tukachangiana. Kumbukumbu za vikao zipo kwa Katibu, anayetaka kuzisoma azisome.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi leo, yaani uamuzi wa kamati tendaji kutumia siku mbili kati ya tatu za mafunzo ya walimu kufundishana ngoma za mataifa mengine. Nimesikia maneno mengi. Nimesomewa ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp usiku wa manane. Barua imepelekwa kwa wakubwa bila nakala kwa Mwenyekiti, ikilalamika kwamba tumeitupa ngoma yetu na kuchezea fedha za chama. Nimenyamaza muda wote huo kwa sababu mahali pa kujibu ni hapa, mbele ya wanachama wote, na leo najibu.

Nianze na hali halisi. Tangu Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza kutumika darasa la tatu, somo la Sanaa na Michezo limekuwa na kipindi chake kwenye ratiba. Ni jambo tulilolililia miaka mingi. Lakini anayepewa kipindi hicho ni nani? Mara nyingi ni mwalimu aliyeonekana ana vipindi vichache, au mwalimu kijana kwa sababu tu ni kijana. Wengi hawakufundishwa ngoma chuoni. Wanajua ngoma ya kwao kwa kuzaliwa nayo, kama wapo waliozaliwa nayo, basi.

Na hapo ndipo penye tatizo ambalo nimelisema tangu nilipochaguliwa. Mwalimu aliyekulia kwenye mdumange, ngoma yetu ya Wasambaa, huicheza bila kufikiri. Ukimwambia aifundishe, atasema, "Nitazameni ninavyofanya." Watoto wa Kisambaa kumi wataiga, kwa sababu wameiona kwa bibi zao. Mtoto wa polisi aliyehamia kutoka Mara, au mtoto wa mwuguzi kutoka Songea, atabaki nyuma amesimama, na mwisho wa kipindi mwalimu atasema mtoto huyo hana kipaji. Kipaji anacho. Hajaambiwa tu pigo la kwanza linaanguka kwenye mguu upi.

Kwa hiyo nilipendekeza, na kamati ikakubali kwa kura, kwamba walimu wote wafundishwe ngoma ambayo hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa nayo. Hapo hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mazoea. Kila mmoja analazimika kuhesabu mapigo, kuvunja hatua vipande vipande, kuuliza maswali ya mtoto. Tulichagua tinikling ya Ufilipino kwa sababu inahitaji mianzi miwili mirefu tu, na mianzi milima yetu inayo. Wawili wanachuchumaa wameshika ncha za mianzi, wanaigonga chini mara mbili ikiwa imeachana, kisha wanaibamiza pamoja mara moja. Mchezaji anakanyaga mara mbili katikati, na pigo la tatu limkute nje. Ukichelewa, kifundo cha mguu kitakukumbusha.

Mwezeshaji wetu, kijana aliyesomea sanaa Bagamoyo, hakuanza na mianzi. Alichora mistari miwili ya chaki sakafuni. Walimu wakahesabu kwa mdomo, wakapiga makofi, wakakanyaga kwenye chaki. Baadaye mianzi ililazwa bila kusogezwa. Ilipoanza kugongwa ilikuwa polepole, na mwendo wa kweli ulikuja mwisho kabisa. Siku ya tatu tukarudi kwenye mdumange wetu. Wazee wangu, mliokuwepo mliona. Mwalimu mmoja wa Lukozi, ambaye miaka yote husema ngoma haifundishiki, alisimama akaivunja mdumange hatua kwa hatua na kuwahesabia wenzake wasio Wasambaa mpaka wakaingia mduarani. Kwa jambo hilo peke yake, naona fedha zetu zilikwenda mahali pake.

Aliyeikusanya tinikling na ngoma nyingine nyingi za Ufilipino alikuwa mwalimu kama sisi, Francisca Reyes Aquino. Miaka ya 1920 alizunguka vijijini kuzikusanya, akaandika hatua zake kwa maneno na hesabu ili mwalimu wa mkoa mwingine aweze kuzifundisha, na baadaye akawa msimamizi wa elimu ya viungo katika shule za umma za nchi yake. Mdumange yetu nani ameiandika namna hiyo? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu bibi zetu wanaoijua vizuri wanaondoka kila mwaka.

Ile barua ilimnukuu Mwalimu Nyerere. Ni kweli, Desemba 1962 alipohutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua rumba, chachacha, twisti na waltz, lakini hawakujua ngoma za kwetu kama Gombe Sugu, Mangala, Kiduo wala Lelemama. Mimi mwenyewe huwasomea walimu wapya maneno hayo. Lakini waandishi wa barua waliishia katikati. Katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alisema, kwa ukali kabisa, kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka tamaduni za wengine ni taifa la wapumbavu na wendawazimu, na kwamba kujifunza kwa wengine si kuacha cha kwetu. Anayemnukuu Mwalimu amnukuu mpaka mwisho.

Tena ngoma zetu zenyewe hazikukaa ndani ya uzio. Mganda ya watu wa Ziwa Nyasa ilikua kutokana na gwaride la askari wa wakati wa ukoloni. Hapo Tanga mjini, babu zetu walikuwa na vikundi vyao vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, wakiiga vyeo, sare na tarumbeta za jeshi, wakashindana mtaa kwa mtaa. Leo beni tunaihesabu kuwa urithi wa pwani. Sioni kwa nini mtoto wa Lushoto akiruka kati ya mianzi awe amepotea.

Kuhusu garba, ngoma nyingine ya kigeni tuliyofundishana, kulikuwa na maneno mazito zaidi, kwamba tunawaingiza watoto wa Kiislamu na wa Kikristo kwenye ibada ya Kihindu. Garba ni ngoma ya Wagujarati, huchezwa usiku wa Navaratri, sikukuu ya Kihindu, kwa mduara kuzunguka taa au sanamu ya mungu wa kike. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2023 kuwa urithi wa dunia usioshikika. Hayo tuliyasema wazi kwa walimu siku ya kwanza. Ndiyo maana tulifundisha mduara, makofi na mwendo, bila taa, bila sanamu na bila wimbo wa ibada, na kila mwalimu aliagizwa kuwaeleza watoto ngoma hiyo ni ya nani na huchezwa lini. Majirani zetu wa asili ya Kigujarati wamekuwa Tanga tangu enzi za mababu. Kujua ngoma ya jirani hakumtoi mtu kwenye dini yake.

Nieleze pia ngoma tulizozikataa, ili msidhani tunaokota chochote. Mwanachama mmoja alitaka ngoma za kifalme za Burundi, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014. Zinapendeza, nani asiyezipenda? Lakini mwaka 2017 serikali ya Burundi ilipiga marufuku wanawake kuzipiga na ikaagiza maonyesho yake yapate kibali. Madarasa yetu yamejaa wasichana, na sikutaka tuvunje heshima ya wenye ngoma wala tuwaweke wasichana wetu pembeni. Mwingine alitaka Gule Wamkulu ya Wachewa kwa sababu ya vinyago. Ile ni ya chama cha siri cha Nyau, si ya darasa la tatu. Kuchagua ngoma ya kufundisha watoto ni kazi yenye elimu yake, na kamati iliifanya kwa uangalifu.

Fedha sasa. Daftari lina wanachama 71 na ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Waliolipa kamili ni 29, waliolipa nusu ni 11, wengine 31 hawajatoa hata senti. Makusanyo ya ada ni 690,000, maonyesho 300,000, baki ya mwaka jana 214,000, jumla 1,204,000. Mafunzo yaligharimu 1,035,000: chakula na chai 520,000, nauli na posho ya mwezeshaji 400,000, karatasi na nakala 80,000, mianzi 35,000. Ukumbi tulipewa bure, na niliufuatilia mimi mwenyewe ofisini mara kadhaa kwa nauli yangu. Gharama za ofisi ni 97,000. Zimebaki 72,000. Madeni ya ada ya mwaka huu na mwaka jana ni 1,190,000, yaani zaidi ya gharama yote ya mafunzo.

Nawaomba mlitazame jambo hili kwa haki. Katika waliotia saini ile barua, wengi hawajalipa ada. Sitawataja, daftari lipo. Wanalalamika fedha za chama zimechezewa, na fedha hizo si zao kwa sababu hawakuziweka. Waliojiandikisha mafunzo walikuwa 40. Siku ya kwanza walikuja 31, siku ya tatu tukabaki 19, na siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mdumange, ngoma yetu wenyewe, ile ile ambayo tunaambiwa tumeitupa! Aliyeondoka siku ya pili baada ya chakula cha mchana ameona nusu ya kazi, kisha amekwenda kusimulia kama aliyeiona yote.

Inaniuma kwa sababu najua mnachokipoteza. Serikali ina utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na walimu wanakutana shuleni na kwenye vituo vya walimu. Nafasi ya kuingiza ngoma kwenye vikao hivyo ipo. Lakini nikienda kuiomba naulizwa mna wanachama hai wangapi, na jibu ninalo, nanyi mmelisikia. Mwaka huu nilikwenda kuomba nikiwa na watu 19 nyuma yangu. Mwenyekiti hawezi kuwa chama peke yake.

Wapo walioniambia faraghani kwamba mafunzo yamewasaidia. Mwalimu mmoja ameniambia watoto wake wa darasa la nne sasa wanajipanga wenyewe na kuhesabu, na yule mtoto aliyekuwa anasimama nyuma ndiye anayeshika mianzi. Nawaomba walimu hao waseme na hapa mkutanoni, si kwenye simu yangu tu.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, kuendeleza mafunzo. Tungependa tuongeze ngoma za mikoa mingine ya nchi yetu, kama bugobogobo ya Wasukuma na majembe yao, sindimba ya Wamakonde na msewe ya Pemba, zifundishwe kwa njia ile ile ya hesabu. Tunafikiria pia kuwaomba bibi na babu wa Mtae na kwingineko waturuhusu kuandika hatua za mdumange na kuzirekodi kwenye simu kabla hatujachelewa. Tarehe zitatangazwa. Kama kutakuwa na wafadhili, itakuwa vizuri zaidi.

Kuhusu ngoma za mataifa, msimamo wa kamati haujabadilika: zitaendelea, angalau kwa siku moja, na mwanachama hai anayepinga atapewa nafasi ya kusema leo na hoja yake itapigiwa kura. Wanachama wenye madeni wanaruhusiwa kuzungumza lakini kwa mujibu wa katiba yetu hawapigi kura. Kitabu cha stakabadhi kipo mezani kwa Mweka Hazina, na atapokea ada hadi ajenda ya kura itakapofunguliwa.

Naomba kuwasilisha.