Wanaoacha vidonge vya damu wana sababu, waulizeni

Mhariri,

Naandika kujibu makala yenu kuhusu upungufu wa damu kwa wanawake wa nchi maskini. Mwandishi alieleza vizuri ukubwa wa tatizo, ila alipofika kwenye sababu akamtwika mwanamke mzigo wote: anapewa vidonge vya madini ya chuma bila malipo, anavificha chini ya godoro, kisha anarudi kliniki kope zimepauka kuliko alivyoondoka. Dawa aliyoipendekeza ni elimu zaidi. Mimi ni muuguzi mkunga. Hukumu hiyo nimeisikia miaka yote ya kazi yangu, mara nyingine kutoka kwa wenzangu tunaovaa sare moja, na naipinga.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, karibu asilimia 30 ya wanawake wote wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Hao ni zaidi ya nusu bilioni. Mwaka 2012 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kupunguza kiwango hicho kwa nusu ifikapo 2025. Lengo halikufikiwa, likasogezwa hadi 2030. India, ambayo imekuwa na mpango wa taifa wa kugawa vidonge hivi tangu 1970, ilipima wanawake wake mwaka 2015 na 2016 ikakuta asilimia 53 wana upungufu wa damu. Ilipopima tena kati ya 2019 na 2021 ikakuta asilimia 57. Anayesema tatizo ni ukaidi wa wanawake atueleze basi, wanawake nusu bilioni walikutana lini wakakubaliana kuwa wakaidi?

Tuanze na kidonge chenyewe. Kile kinachotolewa kliniki kwa kawaida kina takriban miligramu 60 za chuma halisi. Mwili huchukua sehemu ndogo tu. Kinachobaki hupita tumboni na utumboni, na njiani hakipiti kimya: kichefuchefu, kiungulia, tumbo kunyonga, choo kigumu. Sasa mpe mjamzito ambaye tayari anatapika kila asubuhi. Ukimeza kidonge tumbo likiwa tupu chuma kinaingia vizuri zaidi lakini tumbo linalalamika zaidi. Ukimeza pamoja na chakula unapata nafuu ila chuma kinachoingia kinapungua, na ukisindikiza kwa chai au kahawa kinapungua zaidi. Haya yote yanaweza kuelezwa kwa dakika tatu. Meza usiku kabla ya kulala, au na chakula kidogo ikiwa tumbo linakusumbua, kaa mbali na chai kwa saa moja au mbili, na usishtuke choo kikiwa cheusi kwa sababu ni chuma kilichobaki, wala si damu. Hilo la mwisho ndilo husahaulika kuliko yote. Mwanamke anayeona choo cheusi bila kuonywa anaamini kitu kimechanika ndani yake au mtoto anaumia, na akiacha dawa siku hiyo hiyo ametumia akili. Mimi pia ningeacha.

Kwenye foleni yenye wanawake wengi na muuguzi mmoja, hizo dakika tatu hazipatikani. Anaambiwa "meza kimoja kila siku" na jina linalofuata linaitwa.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wenyewe wamelielewa vyema miaka ya karibuni tu. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini, ambayo kazi yake ni kufunga mlango wa chuma kuingia mwilini. Ukimeza dozi ya miligramu 60 au zaidi, hepsidini hupanda na kubaki juu karibu siku nzima, hivyo kidonge cha kesho yake kinakuta mlango umeshindikwa. Watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 2017 kwamba wanawake wenye akiba ndogo ya chuma waliomeza kidonge siku moja na kupumzika siku inayofuata waliingiza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kuliko waliomeza kila siku. Sisemi mjamzito ajipangie ratiba yake mwenyewe. Kwa ujauzito mwongozo bado ni kila siku, na mwenye upungufu mkali hana muda wa kusubiri. Lakini msichana au mama asiye mjamzito ambaye tumbo limemshinda, kumwambia "meza tu, vumilia" si ushauri wa kitabibu. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani una nafasi ya kupumua: kwa wajawazito unataja miligramu 30 hadi 60 kwa siku pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na kwa wanawake na wasichana wanaopata hedhi, pale tatizo lilipofikia asilimia 20 au zaidi, unaruhusu kidonge kimoja kwa wiki. Kutoka 60 kwenda 30 inawezekana. Ni wajawazito wangapi wamewahi kuambiwa hivyo?

Halafu hesabu ya vidonge haikubali. Tunamtaka ameze kila siku kwa miezi sita au zaidi. Hudhurio lake la kwanza huwa mwezi wa tano wa ujauzito, pengine wa sita. Anapewa vya mwezi mmoja, akirudi anakuta ghala limekauka, anaandikiwa akanunue. Mwisho wa ujauzito anaulizwa kwa nini hakumaliza dozi ambayo hakupewa, na kwenye ripoti anaingia kundi la "wasiozingatia matumizi ya dawa".

Hata angepewa vyote, bado tunaanza kwa kuchelewa. Ujauzito mmoja unahitaji takriban miligramu 1,000 za chuma kwa ajili ya mtoto, kondo la nyuma na damu inayoongezeka mwilini mwa mama. Akiba ya mwanamke mwenye afya njema ni kama miligramu 300, na wengi wanaingia kwenye ujauzito bila akiba yoyote, kwa sababu wamepoteza damu kila mwezi tangu wavunje ungo, au wamebeba mimba nyingine kabla mwili haujarudisha kilichotoka. Kujaza pengo hilo kwa miezi minne ya vidonge vya kubahatisha ni ndoto. Vietnam ilianza mapema zaidi: kuanzia 2006, katika mkoa wa Yen Bai, zaidi ya wanawake 50,000 wa umri wa kuzaa walipewa kidonge cha chuma na asidi ya foliki kila wiki, pamoja na dawa ya minyoo kwa vipindi, hata wasipokuwa wajawazito. Upungufu wa damu ulishuka, na minyoo ya safura ikashuka sana.

Nasisitiza hiyo dawa ya minyoo. Safura hunyonya damu utumboni, kichocho kinaivujisha, malaria inavunja chembe nyekundu, selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe hizo, inazifanya zife kabla ya wakati wake. Kuna hedhi nzito ambayo mwanamke amezoea kuiona ya kawaida kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza anabadilisha pedi mara ngapi. Mwenye selimundu anayemezeshwa chuma mwaka hadi mwaka bila kupimwa hatibiwi chochote. Na mwenye hedhi nzito anaweza kusaidiwa zaidi na njia ya uzazi wa mpango inayopunguza damu kuliko na pakiti nyingine ya vidonge. Wakati huo huo kitanzi cha shaba kinaweza kumuongezea damu, jambo ambalo mara nyingi haambiwi.

Mwandishi wenu aligusia kwa juu juu kwamba chuma ni hatari penye malaria. Hapa inafaa kuwa makini, maana hofu hii imechanganya watu wengi. Utafiti uliofanywa Pemba, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, ulikuta watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku wakilazwa au kufa zaidi kuliko wasiopewa. Ni onyo zito, lakini linahusu watoto wadogo wa maeneo yenye malaria nyingi. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapa nusu ya wajawazito 470 miligramu 60 za chuma kwa siku na wengine kidonge kisicho na dawa. Maambukizi ya malaria hayakuongezeka kwa waliopata chuma, na watoto wao walizaliwa wakiwa wazito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Mjamzito asinyimwe chuma kwa kuogopa malaria. Apewe, pamoja na chandarua na dawa za kinga. Ila foliki iwe ile ndogo ya mikrogramu 400, kwa sababu vidonge vya miligramu 5, ambavyo bado vimejaa kwenye makabati ya kliniki nyingi, vinadhoofisha SP, dawa anayomezeshwa kumkinga na malaria. Yaani mkono mmoja unampa kinga na wa pili unaipokonya, na kosa hilo halijafanywa na mwanamke yeyote.

Wengine wanasema suluhisho ni kumwekea mama chuma kwa dripu mara moja tumalize. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha dripu na vidonge: akiba ya chuma ilipanda zaidi kwa waliowekewa dripu, lakini kufikia wiki ya 36 wenye upungufu wa damu katika makundi yote mawili hawakutofautiana sana. Inamfaa aliyechelewa sana au asiyevumilia vidonge kabisa, palipo na vifaa na mtu wa kumwangalia. Isitumike kama kisingizio cha kuacha kurekebisha huduma ya vidonge.

Wala jambo hili si la wanawake kuchoka na kuona kizunguzungu tu. Utafiti mkubwa uliofanywa Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia ulifuatilia wanawake zaidi ya 10,000 waliojifungua wakiwa na upungufu wa damu wa kati au mkali. Kwa wenye upungufu mkali, uwezekano wa kufa au kuponea chupuchupu ulikuwa mara saba ya ule wa wenye upungufu wa kati. Damu inayomtoka mwingine akaamka na kuoga, kwa huyu inatosha kumuua.

Ndiyo maana linaloniudhi kuliko yote ni fomu zetu za ripoti. Zina safu ya idadi ya vidonge vilivyogawiwa, na idadi hiyo hupelekwa juu kila mwezi kama ushahidi wa kazi. Safu ya damu kupimwa mara ya pili haipo, au ipo na ni tupu. Kipimo cha tone la damu ya kidole hakihitaji maabara kubwa. Kama kidonge kinaingia na kinafanya kazi, kiwango cha damu kinatakiwa kupanda kwa takriban gramu 1 kwa desilita ndani ya mwezi mmoja. Kisipopanda, muulize kwanza bila kumfokea kama anameza, na kama hamezi ni kwa nini. Akiwa anameza, tafuta minyoo, malaria, selimundu, hedhi nzito, au kidonge chenyewe kama kina ubora. Na kikipanda asiachishwe hapo hapo. Akiba inahitaji miezi kama mitatu zaidi kujaa. Hivi sasa anayepona na asiyepona wote wanaandikwa "amepewa".

Mkirudi kwenye mada hii, naomba mwandishi wenu akae na wanawake walioacha dawa, awasikilize kabla ya kuwaandika. Kisha aende kwa wakuu wa mipango ya afya ya mama awaulize swali moja: kati ya waliopewa vidonge mwaka jana, wangapi walipimwa damu tena, na wangapi ilipanda? Wakimjibu kwa idadi ya vidonge, aulize tena.

Muuguzi mkunga