Soya ikigeuka njano msikimbilie yuria

Mhariri, naomba kanafasi kidogo maana hili la mbolea ya soya linanikera sana. Mtu akiona tu majani yana njano anakimbilia kumwaga yuria, ile mbolea ya naitrojeni, jamani soya ni jamii ya kunde, inajitengenezea naitrojeni yenyewe kwa msaada wa bakteria walioko kwenye vinundu vya mizizi, ila hao bakteria bila molibdenamu, madini yanayohitajika kidogo sana, hawafanyi kazi, na kwenye udongo wenye tindikali nyingi molibdenamu hata kama ipo mmea hauipati, ndo maana saa zingine chokaa tu inatosha kuamsha shamba. Ng'oa mche mmoja upasue kinundu, ndani kikiwa chekundu au pinki basi kinachapa kazi.

Sasa angalia njano yenyewe iko wapi. Majani ya chini yakianza, hapo sawa, naitrojeni inaweza kuwa imepungua. Lakini yakiwa ni machanga ya juu na mishipa imebaki kijani, hiyo mara nyingi ni upungufu wa madini ya manganizi au chuma, inatokea sana kwenye udongo wenye magadi au chokaa nyingi, na hapo ukiongeza tena chokaa umeharibu kabisa! Manganizi ipulizie kwenye majani, inafanya kazi haraka kuliko kuiweka ardhini.

Boroni nayo, madini mengine ya mmea, inasaidia maua na maganda, ila ukizidisha kidogo tu inageuka sumu. Kwa hiyo pimeni udongo kwanza, hizo pakiti za "mchanganyiko wa kila kitu" mnanunua za nini?

Mkulima msomaji wenu