Barua ya wazi kwa wanangu mnaochangishana kununua nyumba ya kupangisha

Wanangu,

Barua yenu nimeisoma mara mbili. Maswali ni mengi na mazuri, ila moja hamkuliuliza: nyumba ikikaa miezi mitatu bila mpangaji, benki italipwa na nani? Naanzia hapo, mengine yatajipanga yenyewe.

Mmeandika kwamba nyumba mliyoiona inaingiza kwa mwaka kodi ya asilimia 8 ya bei yake, na benki inakopesha kwa riba ya asilimia hiyo hiyo 8, kwa hiyo nyumba "itajilipa yenyewe". Nani aliwapigia hesabu hiyo? Kama ni dalali, msimchukie, yeye hula pale mnaponunua. Shikeni kalamu wenyewe. Tuseme bei ya nyumba ni 100 na kodi ya mwaka ni 8. Mpangaji akahama, mkahangaika mwezi mmoja na nusu kumpata mwingine: 8 imeshakuwa 7. Toeni rangi, bomba lililopasuka, bima, kodi ya serikali na ujira wa msimamizi, tuseme 2.5 kwa jumla. Mmebaki na 4.5. Sasa mlikopa 70, na riba peke yake ya mwaka wa kwanza inakaribia 5.6. Pengo la 1.1 mtaliziba kwa fedha za mifukoni, na deni lenyewe hamjaligusa hata kidogo. Nyumba hiyo hiyo ikinunuliwa kwa fedha taslimu inawapa asilimia 4.5 kwa mwaka. Ni kipato cha heshima, lakini sicho mlichohadithiwa.

Najua mtanijibu kwamba bei ya ardhi haishuki. Hilo nimelisikia tangu ujana wangu. Ardhi hupanda bei miaka mingi mfululizo, ndiyo maana watu husahau. Japani bei za ardhi zilifika kileleni mwaka 1991, kisha zikateremka kwa zaidi ya miaka kumi. Watu wakabaki wakilipia mikopo mikubwa kuliko thamani ya nyumba walizokuwa wanalala. Marekani bei za nyumba zilianza kuanguka baada ya 2006, na hadi kufika 2012 zilikuwa zimepoteza zaidi ya robo kwa wastani. Baadaye zilipanda tena. Lakini aliyenufaika na kupanda huko ni yule ambaye hakulazimika kuuza katikati ya dhoruba, aliyekuwa na mpangaji anayelipa na akiba pembeni.

Mkopo nao una tabia yake. Katika mfano wetu mmetoa 30, benki imetoa 70. Bei ikishuka asilimia 15 tu, nyumba ni 85, benki bado inadai karibu 70 yake, na yenu imebaki 15. Nusu ya mtaji imeyeyuka kwa mtikisiko ambao gazeti lingeuita mdogo. Ulizeni pia kama riba yenu imefungwa au inapanda na kushuka. Kati ya 2022 na 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kuvuka asilimia 5, na nchi nyingi zikafuata njia hiyo. Mwenye riba ya kubadilika aliona rejesho la mwezi likivimba na kodi ya mpangaji ikiwa pale pale.

Ndiyo maana nawaambia, kabla ya kulipa chochote, wekeni kando akiba ya kubeba marejesho na matengenezo kwa miezi sita. Kama fedha haitoshi kwa nyumba na akiba, basi nyumba hiyo ni kubwa kwenu kwa sasa. Tafuteni ndogo.

Hili la kununua kwa pamoja nimelibeba moyoni muda mrefu. Mimi na rafiki yangu tulinunua nyumba nusu kwa nusu, tukapeana mikono, tukaona aibu kuandikiana. Mwaka wa saba yeye akabanwa na shida ya nyumbani, akataka kuuza. Mimi nilitaka kusubiri. Kila mmoja alikuwa na haki, na hapakuwa na karatasi ya kutuamua. Tuliuza kwa bei ya kutupa. Urafiki ulibaki, ila wa salamu za mbali. Ninyi mko watano, na penye wengi pana mengi. Andikeni nani ametoa kiasi gani, nani anaamua ukarabati, anayetaka kutoka atatokaje, fungu lake litathaminiwa na nani, na akifa warithi wake wataingia kwa masharti yapi. Hilo la mwisho mtalionea haya. Liandikeni.

Kuhusu hati, sina mengi. Nendeni wenyewe kwenye daftari la ardhi, msiridhike na nakala mliyoletewa. Tazameni jina la mmiliki, rehani, kesi na mipaka. Mwanasheria awe wenu, asiwe wa muuzaji. Muuzaji akiwaharakisha kwa kusema kuna mnunuzi mwingine anakuja jioni, mwacheni huyo wa jioni anunue.

Mmoja wenu ameuliza kama kiwanja kitupu si bora, kwa kuwa hakina mpangaji msumbufu. Kweli hakina, na kodi hakiingizi. Kinataka ulinzi dhidi ya wavamizi na kinakula ushuru kila mwaka. Kwa aliyekopa, kiwanja ni mdomo wa kulisha tu.

Na yule asiyetaka kupigiwa simu usiku choo kimeziba (nadhani namjua ni nani) aangalie mifuko ya uwekezaji wa majengo inayouza hisa, yaani watu wengi huweka fedha pamoja, mfuko ukamiliki majengo na kuwagawia kipato chake. Marekani iliitungia sheria mwaka 1960, na sasa ipo katika nchi nyingi. Hisa zake nazo hupanda na kushuka, lakini unaweza kuuza chache ukibanwa. Chumba kimoja cha nyumba huwezi kukikata ukakiuza Ijumaa.

Hesabu yenu ya kodi ipigeni upya, safari hii mkiweka na miezi mitupu, kisha mniletee pamoja na rasimu ya makubaliano yenu watano. Miwani ninayo.

Mzee wenu