Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Miteremko ya Uluguru kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutembelea Mashamba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Bwana Shamba wetu, wazee wa koo, ndugu wanakijiji,

Karibu mlimani. Pole kwa kupanda kwa miguu kuanzia pale gari liliposhindwa. Njia hiyo hiyo ndiyo tunayoshusha ndizi kichwani.

Mheshimiwa, leo umeona makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji yasishuke na udongo, mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, kwenye kingo, na mikarafuu iliyopandwa katikati ya migomba. Umeona pia mashamba ya jirani yaliyochomwa moto na kulimwa kufuata mteremko. Kabla ya kuandika risala hii tulikwenda kuwauliza wenye mashamba hayo kwa nini hawajatufuata. Majibu yao tumeona tukuletee kama yalivyo.

Wazee walitukumbusha matuta ya ngazi ya miaka ya 1950. Mkoloni aliyaamrisha, asiyechimba akaadhibiwa, na huku upande wa Matombo ngazi zilifukua udongo mfu na kuuweka juu. Mwaka 1955 watu wakachachamaa, mpango ukafa. Kwa hiyo mzee akisikia neno "matuta" huuliza kwanza ni nani ameamuru. Sisi hatuoni kama huo ni ukaidi.

Vijana wengi wanalima mashamba ya kukodi. Kwetu ardhi ni ya ukoo, tena ukoo wa mama, na mti ni alama ya mwenye shamba. Mpangaji akipanda mkarafuu, mwenye ardhi anaona ananyang'anywa. Atapanda mahindi tu, msimu uishe, ahame.

Akina mama walisema jambo lililotunyamazisha. Makinga maji yanakula sehemu ya shamba, na mkarafuu unachukua miaka kabla ya kuchumwa. "Katika miaka hiyo watoto watakula mabingobingo?" Kikundi hakikuwa na jibu. Waliovumilia miongoni mwetu ni wale waliokuwa na shamba la pili, au mbuzi wa kula hayo majani.

Mheshimiwa, udongo ukishuka hapa unaingia mito inayojaza Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Kibaha na Dar es Salaam. Tunaona ni haki anayekunywa maji bombani achangie jembe la anayeyalinda.

Kwa hiyo tunaomba haya. Kwanza, miche ya karafuu na mdalasini ije kabla ya mvua za masika. Ikija Juni inakauka mikononi mwetu. Pili, ofisi yako ikae na wazee wa koo ili mikataba ya kukodi iandikwe, mpangaji aruhusiwe kupanda miti na ijulikane mavuno ni ya nani. Tatu, kaya inayoanza makinga maji isaidiwe mbegu za maharage na magimbi, ipate chakula wakati miti inakua.

Baada ya risala hii tunaomba upande mkarafuu mmoja pale kwenye kingo. Shimo tumeshachimba, na mwenye shamba ameridhia mbele ya mashahidi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi