Shukrani kwa Muuza Kahawa wa Sanamu ya Askari

Sisi wanandoa marafiki, tuliotoka pamoja kula chakula cha jioni katikati ya jiji la Dar es Salaam, tunakushukuru kwa dhati wewe muuza kahawa uliyekuwa karibu na Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu mwaka 1927. Mwenzetu mjamzito alipoishiwa nguvu ghafla tukielekea Kivukoni, uliliacha birika lako motoni, ukamkalisha kwenye benchi lako, ukampepea kwa utulivu ambao sisi wenyewe hatukuwa nao, kisha ukamwita dereva wa teksi unayemwamini atufikishe hospitali. Ulikataa kabisa kupokea fedha. Mama anaendelea vizuri. Kaka yetu, Mwenyezi Mungu akuzidishie riziki na afya.