Umri uandikwe kabla ya kazi kuanza

Bwana Mhariri,

Watu wakisikia "kazi ya watoto" hapa Lubumbashi, macho yote yanageukia machimbo ya Likasi na Kolwezi. Huko sheria haina kona: kadi ya mchimbaji wa mikono anapewa Mkongomani mtu mzima tu. Na kupasua mawe, kuyaosha mtoni au kubeba mifuko ni kazi ya mgodi vilevile, hata kama mtoto amekuja na mama yake. Vumbi la kobalti linaharibu mapafu, na uti wa mgongo wa mtoto bado unakua. Mwenye depo (ghala la kununulia madini) anayenunua mfuko huo ameshiriki.

Lakini wako watoto pia kwenye malewa (vibanda vya chakula), garaji, tanuri za matofali na ndani ya nyumba zetu. Hapo ndipo watu wema wanavunja sheria wakidhani wanasaidia.

Kosa linaanzia kwenye umri. Mwenye kazi anatazama urefu wa kijana, anauliza "uko na miaka ngapi?", anajibiwa kumi na nane, basi. Hata kadi ya mchaguzi haitoshi, maana mara nyingi imeandikwa kwa neno la shahidi. Dai cheti cha kuzaliwa cha komune, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, mzazi anapaswa kupata kwanza hukumu ya mahakama, ndipo komune iandike. Inachukua muda, ndiyo. Kijana asubiri karatasi, kazi isitangulie.

Sheria ya Kazi (Code du travail) ya 2002, iliyorekebishwa 2016, inaweka miaka 18 kuwa umri wa kufunga mkataba. Chini ya hapo ni kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inafunga mlango kwa aliye chini ya miaka 16. Kupanga bidhaa dukani kunaweza kupita. Asidi ya betri, kuchomelea vyuma, magunia ya makaa: hapana. Usiamue peke yako; pita kwa mkaguzi wa kazi kwanza, mzazi akiwepo, na mkataba uwe wa maandishi. Mkaguzi ana haki ya kumpeleka kijana kwa daktari. Daktari akisema kazi inazidi nguvu zake, apewe nyingine inayomfaa.

Saa ndizo zinazowaangusha wengi. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, imekatazwa kwa mtoto, na kati ya siku mbili za kazi lazima apumzike saa 12 mfululizo. Msichana wa malewa aliyemaliza kuosha vyombo saa kumi na mbili jioni hawezi kuwasha mbabula (jiko la makaa) saa kumi alfajiri. "Anakaa kwetu kama mtoto wetu" haibadilishi hesabu hiyo.

Mshahara nao: kwa kazi, ujuzi na tija ileile, sheria inakataza kumpunguzia mtu kwa sababu ya umri. Ile desturi ya nusu mshahara, tena unaochukuliwa na mjomba, ni wizi. Likizo ya mtoto ni kubwa kuliko ya mtu mzima: siku moja na nusu kwa kila mwezi, wakati mtu mzima anahesabiwa siku moja. Mwandikishe pia CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa sababu siku mashine itakapomkata kidole, bila faili hakuna wa kumlipia.

Sheria hizi zimeandikwa kwa Kifaransa. Tunaomba gazeti lenu lichapishe angalau saa na umri kwa Kiswahili, kwenye ukurasa ambao mama wa malewa anaweza kuukata na kuubandika ukutani.

Wasomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi