Mjomba, si damu yao

Shikamoo mjomba.

Tangu siku ile ya matanga sijatulia. Zilipotajwa habari za mauaji kule kaskazini mwa Kenya, ulisema wale wafugaji vita viko damuni mwao, na kwamba Mwingereza aliwaachia wajitawale kwa mila zao, wakachinjana. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Leo niwie radhi, nakujibu.

Kujitawala gani, mjomba? Sheria ya 1902 ilimpa mkoloni uwezo wa kufunga eneo zima, na mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD ya wazee, ikafungwa. Kuingia kwa pasi, kutoka kwa pasi. Kila kabila likapangiwa malisho yake, na mstari ukachorwa kati ya Wasomali na Waborana. Sasa mvua ikinyesha ng'ambo ya mstari, mwenye ngamia afanye nini? Asipovuka, mifugo inakufa. Akivuka, ni mhalifu mbele ya serikali, na kisimani anamkuta mwenyeji aliyeambiwa na serikali hiyohiyo kwamba maji yale ni yake peke yake. Wazee walikuwa na njia zao za kugawana zamu za kunywesha. Nani aliziweka kando?

Halafu ikaja sheria ya 1934, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Iliruhusu kabila zima kutangazwa adui, watu wake wakamatwe na mali yao ichukuliwe. Hebu mfikirie mjane ambaye hajawahi kumwona mwizi wa mifugo hata kwa mbali. Askari wanafika bomani alfajiri, hawaulizi nani kaiba, wanahesabu tu. Ngamia wake wa maziwa anaswagwa pamoja na wengine, na watoto wanabaki na kibuyu kitupu. Kijana wake akikua, mjomba, atamdai nani? Serikali iko mbali na ina bunduki. Jirani yuko karibu.

Aliyefyatua risasi ana hatia yake, simtetei. Lakini aliyeshika funguo za lango, akagawa visima na kumwadhibu asiye na kosa, hawezi kunawa mikono kwa kusema ni mambo ya kikabila.

Mwaka 1962 tume ilikwenda kuwauliza wenyeji wanataka nini. Wengi wakajibu wanataka kuungana na Somalia. Mwaka uliofuata Uingereza ikaamua kinyume, ikafunga virago Desemba. Kabla mwezi huo haujaisha, serikali yetu mpya ikatangaza hali ya hatari kule, na haikuiondoa hadi 1991. Zile sheria mbili tulizirithi kama zilivyo, zilifutwa 1997. Wewe ulikuwa bado unafundisha historia.

Watoto walikuwa wameketi mkekani, wakakusikia. Nakuomba, tukikutana arobaini, uwaeleze na habari ya lile lango.

Mpwa wako